Wanataka niseme mimi ndiye niliyekuwa nimeshika usukani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kigoma mjini. Nina miaka 34, mume na watoto wawili. Mume wangu yuko Uvinza kikazi, atarudi mwisho wa mwezi. Nakuandikia usiku huu wa Jumapili kwa sababu Jumatano saa nne asubuhi natakiwa kituo cha polisi kuandika maelezo, na mpaka sasa sijui nitaandika nini.

Jumamosi ya wiki iliyopita tulikwenda Kalinzi kwenye harusi ya mdogo wa mwenzetu mmoja. Tulikuwa wanawake wanne ndani ya Noah ya rafiki yangu, nimwite Mama Pili. Aliyeendesha ni mdogo wake wa kiume, ana miaka 19. Gari anaiweza, mjini anazunguka nayo kila siku, lakini leseni hana. Sote tulijua hilo tangu asubuhi na hakuna aliyesema kitu. Mimi nilikaa nyuma ya kiti cha dereva.

Jioni wakati wa kurudi, jua likizama, tulikuwa tunateremka kuja Mwandiga. Yule kijana alikuwa anatafuta wimbo kwenye simu. Mbele yetu, pembeni kabisa mwa lami, alikuwepo mvulana wa baiskeli, kafunga madumu mawili ya mawese kwenye keria. Nilimwona. Nilifungua mdomo niseme, na kabla neno halijatoka nikasikia kishindo.

Dumu moja lilipasukia kwenye kioo cha mbele. Mwanzo nilidhani ni damu. Tuliposhuka, lami ilikuwa nyekundu kuanzia ukingoni hadi kwenye magurudumu yetu, na mvulana alikuwa amekaa chini, mguu wake umepinda mahali ambapo hapana goti. Hakulia. Alichouliza ni, "Dumu la pili liko wapi?" Nilikaa naye, nikampakata kichwa mpaka gari la kumpeleka hospitali lilipofika, na dera langu likalowa mawese. Nimelifua mara tatu kwa sabuni ya kipande na doa halijatoka.

Trafiki alipofika akauliza dereva ni nani. Mdogo wake Mama Pili alikuwa ameshapanda bodaboda na kuondoka. Mama Pili akanigusa bega, akasema, "Ni huyu hapa, mwalimu." Halafu akaninong'oneza, "Toa leseni, tutaongea nyumbani." Leseni ninayo, daraja D, nilisoma VETA miaka mitatu iliyopita ingawa gari sijawahi kumiliki. Nikaitoa. Sikusema ni mimi, wala sikusema si mimi. Nilitoa leseni tu, trafiki akaandika jina langu na namba.

Tangu siku hiyo sina amani. Gari ina bima kubwa, ile inayolipia hata matengenezo ya gari lenyewe, kwa kuwa ilinunuliwa kwa mkopo wa benki. Fundi amesema boneti, rejeta, taa na kioo cha mbele havitapungua milioni tatu. Mama Pili anasema bima ikijua aliyeendesha hana leseni hawatatoa hata shilingi, na mkopo bado anadaiwa miezi kumi na minne. Kwa hiyo niseme niliendesha mimi, na kwamba yule mvulana aliingia barabarani ghafla bila taa. Wenzetu wawili wamekubali kuwa mashahidi. Kwenye kundi letu la WhatsApp maneno ni haya haya: "Bima ni hela za matajiri." "Hakuna anayeumia." "Mwalimu, leseni yako inakufaa nini kama haisaidii watu?" Jana mmoja akaandika, "Tutajua nani ni mwenzetu."

Shangazi, Mama Pili si mtu wa kumkatalia. Mama yangu alipofanyiwa upasuaji mwaka jana, ndiye aliyenikopesha shilingi 400,000 bila kuandikishana, nimelipa nusu. Na ndiye kijumbe wa mchezo wetu. Tuko kumi, kila mwezi shilingi 50,000, nimeshatoa miezi saba na zamu yangu ni mwezi ujao. Ameniambia, akicheka lakini macho hayacheki, "Hiyo zamu tutaiangalia."

Halafu kuna jambo lililonimaliza kabisa. Juzi alikwenda hospitali, akampa mama wa yule mvulana shilingi 150,000 na karatasi ya kuweka dole gumba, kwamba wamesameheana na hawana madai tena. Mama bado hajaweka dole, alisema anamsubiri kaka yake atoke kijijini.

Nimefikiria niseme nilikuwa nimelala, sikuona lolote. Je, hiyo itaniokoa bila kumwangusha mtu? Na kwa kuwa leseni niliitoa mwenyewe, si nimeshadanganya tayari? Naomba unisaidie kama mwanao.

Mwalimu, Kigoma

*

(Barua hii niliijibu usiku uleule ilipofika. Naiweka hapa kwa ruhusa ya mwandishi, baada ya kuondoa yale ambayo yangemtambulisha.)

Marahaba mwanangu.

Usiandike kwamba uliendesha. Na hiyo Jumatano usiisubiri. Nenda kesho ukipata mtu wa kwenda naye, au Jumanne ikishindikana kabisa. Nimelitanguliza hilo ili hata usingizi ukikuchukua kabla hujamaliza kusoma, uwe umelipata.

Sasa tukae tuzungumze.

Wenzako wanakuambia wanaomba msaada wa bima. Hebu tazama vizuri wanachokuomba. Ajali iliyomvunja mtu mguu haiishii kwenye fomu ya kampuni. Inakwenda polisi kwanza, na ikitoka polisi inaweza kufika mahakamani kwa Sheria ya Usalama Barabarani, na anayesimama pale kizimbani ni dereva. Ukiandika kuwa uliendesha, mshtakiwa ni wewe. Faini au kifungo vitakuwa vyako, leseni yako ndiyo inayoweza kufungiwa, na jina lako linaweza kufika kwa mwajiri. Mama Pili atapata boneti mpya. Mdogo wake ataendelea kuzunguka mjini bila leseni. Wale mashahidi wawili watarudi nyumbani kupika. Katika gari la watu watano, mtu mmoja tu ndiye anayetakiwa kutoa maisha yake yawe rehani, na ni yule aliyekaa kiti cha nyuma.

Sisemi kwamba Mama Pili amekaa akapanga kukuangamiza. Nadhani ameogopa. Mdogo wake ana miaka 19, gari bado ni ya benki, na aliyempa funguo ni yeye mwenyewe. Mtu akiogopa hivyo hushika kilicho karibu, na kilichokuwa karibu siku ile ni bega lako. Namhurumia kwa dhati. Lakini kumhurumia mtu ni jambo moja, na kuingia kizimbani badala ya mdogo wake ni jambo lingine.

Na uongo wenyewe hausimami. Pale Mwandiga jioni kuna bodaboda, kuna wauza ndizi, kuna wapita njia. Wangapi walimwona kijana wa kiume akishuka mlango wa dereva? Yule aliyempakia kwenye pikipiki anamjua. Wangapi walipiga picha kwa simu? Kampuni ya bima ikipokea madai ya mamilioni haisomi fomu na kulipa. Inatuma mkaguzi, na mkaguzi huyo anawauliza abiria mmoja mmoja, kila mtu peke yake: nani alikaa wapi, nani alishuka kwanza, dereva alivaa nini. Mtakumbuka wote wanne kwa namna moja jambo ambalo halikutokea? Njia ya mwongo ni fupi, na hii yenu haifiki hata Gungu hapo mjini kwenu.

Na mawese nayo yatasema. Umeniandikia kwamba lami ilikuwa nyekundu "kuanzia ukingoni". Mtu aliyeingia ghafla katikati ya barabara hamwagi mafuta yake ukingoni. Trafiki anapopima ajali huchora ramani: gari lilisimama wapi, vioo vilianguka wapi, aliyegongwa alikuwa upande gani. Doa lile lilikuwepo mbele ya macho yake siku ileile. Mtakwenda kumweleza kitu ambacho mchoro wake mwenyewe unakikataa.

Uongo ukigundulika, bima hailipi. Mikataba ya bima ya gari kwa kawaida inataka anayeendesha awe na leseni halali, na anayedanganya kwenye madai hupoteza madai yote, hata yale ambayo angestahili. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na kumpa polisi taarifa ya uongo ni kosa jingine peke yake. Hapo wale mashahidi wawili nao wamo. Waambie hivyo, huenda hawajui.

Nirudi kwa mvulana, maana kwenye maneno yote ya lile kundi lenu sikumwona.

"Hakuna anayeumia." Mwanangu, mtu ameumia tayari. Wewe ndiye uliyempakata.

Watu wengi wanadhani stika ile ya bima ndogo kwenye kioo ni ya kuwaridhisha trafiki. Kwa miaka mingi tumeilipia gari ndogo ya binafsi shilingi 118,000 tukinung'unika kama tunalipa kodi nyingine. Lakini Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, iliifanya kuwa ya lazima kwa ajili ya mtu wa aina ya huyu mvulana: aliye nje ya gari, asiye na hatia, aliyekutwa na gari la mtu mwingine njiani. Ndiyo maana inaitwa bima ya mtu wa tatu. Haitengenezi gari lako hata kidogo. Inamfidia uliyemgonga. Bima kubwa ya Mama Pili inabeba hiyo ndani yake, kisha inaongeza matengenezo ya gari lake.

Sasa sikia hadithi mnayotaka kuipeleka: mvulana aliingia ghafla, hakuwa na taa. Maana yake kosa ni lake. Na kosa likiwa lake, fidia yake inapungua au inakufa kabisa. Matibabu yake, miezi asiyoweza kupanda baiskeli, baiskeli yenyewe, mawese ambayo bila shaka ni mtaji wa mtu nyumbani kwao, vyote vinageuka kuwa mzigo wake ili Noah ipate taa mpya. Hela za matajiri wanazozisema wenzako zinachotwa kwenye mguu wa mtoto wa maskini. Nimeliandika hili nikiwa na hasira, na sitaifuta hiyo sentensi.

Ukaniuliza kuhusu kusema ulikuwa umelala. Nimeelewa kwa nini unalitamani neno hilo, linaonekana kama kivuli cha kujikinga mpaka mvua ipite. Lakini jina lako limeandikwa kwenye daftari la trafiki kama dereva. Dereva aliyelala! Na hata lisingeandikwa, ulimwona yule mvulana kabla hajagongwa. Katika gari lile wewe ndiye shahidi wake pekee. Ukisema ulilala, umemwacha peke yake na wale watatu.

Na ndiyo, ulidanganya. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ulipotoa leseni ulijibu swali la trafiki, hata kama mdomo ulifungwa. Lakini ulitoa ukiwa unatetemeka, damu na mawese mikononi, mtu unayemheshimu kakushika bega. Watu wengi wangetoa. Kilichofanyika kwa mshtuko dakika ile kinaweza kurekebishwa. Ukikaa Jumatano mezani, ukaandika kwa mkono wako ukurasa mzima na kuweka sahihi, hapo hutaweza kusema ni mshtuko.

Basi fanya hivi. Kesho asubuhi omba ruhusa kwa mwalimu mkuu, mwambie una jambo la polisi kuhusu ajali, inatosha. Mpigie mume wako usiku huu, hata kama amelala. Mambo kama haya mume hasimuliwi mwisho wa mwezi. Kama anaweza kupanda gari alfajiri kutoka Uvinza, aje. Kabla ya kufika kituoni mtafute wakili. Kama huna uwezo, nenda halmashauri uulizie wasaidizi wa kisheria. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wanatambulika rasmi, na kazi yao ni kuwaelekeza watu wasio na fedha za wakili. Usione aibu. Umekwenda kuuliza njia, na anayejua njia yupo.

Kituoni omba kuonana na mkuu wa usalama barabarani, au yule askari aliyepima ajali. Sema maneno machache: "Siku ya ajali niliulizwa dereva nikatoa leseni yangu. Si kweli kwamba niliendesha. Nilikuwa abiria, nyuma ya kiti cha dereva. Nimekuja kurekebisha." Kisha ueleze ulichokiona, kwa mpangilio kilivyotokea. Usiongeze na usipunguze. Usimtukane mtu, usikisie kijana alikuwa na mwendo gani kama hukuangalia mshale. Ukiulizwa alikuwa anafanya nini, alikuwa anatafuta wimbo kwenye simu, umeona, sema. Kabla ya kuweka sahihi soma yote yaliyoandikwa, ukiona neno ambalo si lako omba lirekebishwe. Wakikuhoji kama mtuhumiwa kwa ile leseni, una haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, na hapo mume wako aliye nje ya mlango atakuwa na kazi.

Watakukaripia? Huenda. Siwezi kukuahidi kwamba hutaulizwa maswali magumu. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliyekuja mwenyewe kabla ya kuandika maelezo na mtu aliyefuatwa baada ya uongo kupasuka.

Zile jumbe za WhatsApp usizifute hata moja. Usijibizane humo pia. Kundi halina sura, kila mtu anakuwa jasiri. Ukimya wako usiku wa leo utatosha.

Mama Pili mwambie mwenyewe, uso kwa uso, siku hiyohiyo unapokwenda kituoni. Baadhi watakushauri uende kimya kimya, ajue akiitwa. Mimi sikubaliani nao. Mtu aliyemsaidia mama yako kwenye upasuaji anastahili kusikia kutoka kinywani mwako. Ila usiende peke yako usiku, na usiende kuomba ruhusa. Mkute uani kwake, asubuhi, mwamkie kama siku zote, kisha mwambie: "Mama Pili, nimekuja kukuambia kabla hujasikia kwa mtu mwingine. Sitasema niliendesha. Naenda polisi kusema nilivyokuwa. Sikuchukii wala sina nia ya kumfunga mdogo wako. Lakini nilimpakata yule mtoto, siwezi kusema alijigonga."

Atalia, au atakuwa mkali. Atakukumbusha ile 400,000. Hapo usibabaike. Mjibu, "Hilo deni nalikumbuka na nitalimaliza." Kisha limalize. Imebaki 200,000, mpangie tarehe, mlipe kwa simu ili ujumbe wa malipo ubaki. Alikusaidia kwa fedha, unamrudishia kwa fedha na kwa shukrani zako zote. Hakukukopesha ili siku moja umbebee mdogo wake kesi, na kama alikukopesha kwa ajili hiyo, basi hukukopeshwa, ulinunuliwa, na sidhani kama ndivyo alivyo.

Ya mchezo, piga picha daftari leo kama unalo, au tafuta jumbe za malipo yako ya miezi saba. Ni shilingi 350,000 za jasho lako, na wanachama wengine sita ambao hawakupanda Noah nao wanajua zamu ni ya nani. Zamu ikizuiwa, usigombane sokoni, nenda na wanachama wawili kwa mwenyekiti wa mtaa. Ila nina hisia kijumbe mwenye busara hatathubutu, maana akizuia zamu moja, nani atamwamini na fedha zake mwezi unaofuata?

Sasa Mama Pili mwenyewe, maana naye ni mtu, na ana shida ya kweli. Ukweli huu utamgharimu. Yawezekana sana gari asilipiwe na bima, na kumpa gari asiye na leseni ni kosa kisheria, atalijibu. Mdogo wake vilevile, na ni afadhali aende kituoni kwa miguu yake akiwa na kaka au baba kuliko kufuatwa nyumbani. Lakini milioni tatu si mlima usiopandika kwa wanawake kumi wanaojua kuchangiana. Mkishapita hili, wewe uwe wa kwanza kusema kwenye kundi: jamani, tumchangie mwenzetu rejeta. Fundi anaweza kuanza na yale yanayoifanya gari itembee, boneti ikasubiri. Na aende benki mapema kuomba wapange upya marejesho, kabla hajaruka hata mwezi mmoja. Angekuomba msaada wa namna hii, nina hakika ungeuza hata kuku.

Nimeiacha ile karatasi ya dole gumba mwisho, lakini ndiyo iliyonifanya nikae macho mpaka saa hizi.

Ukitoka kituoni, nenda hospitali. Beba uji na matunda, usibebe ahadi. Mwambie yule mama wewe ni nani: ulikuwa ndani ya gari lile, nyuma, na umetoka kusema ukweli polisi. Kisha mwambie asiweke dole kwenye karatasi yoyote kabla kaka yake hajafika na kabla haijasomwa na mtu anayejua sheria. Kuandikiana kwamba "hatuna madai tena" kwa 150,000, wakati madaktari bado hawajajua mguu utaunga vipi, ni kuuza jambo ambalo bei yake haijulikani. Fedha za matibabu akipewa azipokee kama msaada, zikiandikwa hivyo hivyo, kwamba ni msaada wa matibabu.

Mweleze na njia ya kudai, kwa sababu hakuna mwingine atakayemweleza. Atunze nakala ya PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kila risiti ya dawa na ya nauli, karatasi za picha ya mfupa, na maelezo ya daktari. Apate namba ya gari. Kwa namba hiyo, mtu yeyote anaweza kuangalia kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, akajua gari limekatiwa bima kampuni gani. Aombe polisi taarifa ya ajali itakapokamilika, kisha apeleke madai kwa maandishi kwenye kampuni hiyo akiwa na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kampuni ikikataa au ikikaa kimya, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na mahakama ipo. Huenda kampuni itamkasirikia Mama Pili kwa kumpa usukani asiye na leseni. Huo ni ugomvi wa mwenye gari na bima yake, na mama asikubali kuambiwa tu kwa mdomo kwamba kwa sababu hiyo mwanawe hana chake. Msaidizi wa kisheria uliyemwona asubuhi anaweza kumwona na yeye. Wapeleke wakutane.

Usijifanye mkombozi wao, lakini jina lako na namba yako waachie, maana siku ya kuulizwa mvulana alikuwa upande gani wa lami, watakuhitaji.

Na muulize kama lile dumu la pili lilipatikana. Mtu alilichukua pale barabarani, huenda ni mtu mwema analihifadhi, wauza ndizi wa Mwandiga watajua. Ukilipata, lipeleke kwa mama yake. Kisha niandikie uniambie Jumatano imekwendaje.

Shangazi yako